Tahadhari: "chuo cha uuguzi" Kisumu kinachoita watoto wenye D+

Wazazi wenzangu wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega, na nyinyi mliomaliza kidato cha nne mnaotafuta chuo, tafadhali someni haya kabla hamjatuma pesa.

Wiki mbili baada ya matokeo ya KCSE, binti ya marehemu dada yangu alipata ujumbe kwenye simu: amechaguliwa kusomea diploma ya uuguzi, zimebaki nafasi sita, alipe shilingi 1,000 za fomu kabla ya Ijumaa. Alikuwa amepata D+ na kulia siku tatu. Akanijia mbio jikoni, "Mama mdogo, nimeitwa!" Nilifurahi naye. Sikujiuliza ameitwaje na chuo ambacho hajawahi kukiomba.

Tulienda kukiona. Ni ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na Kondele. Kuna vyumba viwili vya darasa na "maabara" yenye mzani, mashine ya presha isiyo na mpira wake, na mchoro wa mifupa uliobandikwa kwa selotepu. Nikauliza kuhusu gredi. Mama wa mapokezi, mpole kabisa, akasema D+ si neno, mtoto atafanya "brijing", yaani masomo ya kuziba pengo la gredi, miezi mitatu, kisha mazoezi atapelekwa Russia, ile hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu. Nyuma yake ukutani palining'inia cheti ndani ya fremu, kina nembo na mhuri. Nikakitazama kwa mbali, moyo ukatulia. Nikalipa 26,000 za muhula na 4,500 za sare, zote kwa namba ya simu ya mtu binafsi, risiti ikaandikwa kwa mkono.

Jirani yetu ni muuguzi. Alipomwona msichana na ile sare nyeupe alimuuliza swali moja tu: "Baraza limekupa namba ya indeksi?" Mtoto hakujua anaulizwa nini. Kesho yake nilirudi pale, nikasogea hadi ukutani, nikakisoma kile cheti neno kwa neno. Kilikuwa kibali cha biashara cha kaunti. Kile kile anachopewa mwenye kinyozi.

Jamani, kibali hicho ni cha kufungua mlango wa biashara, si cha kufundisha. Chuo cha ufundi au cha kati lazima kiwe na usajili wa TVETA, mamlaka ya serikali inayosimamia vyuo hivyo, kwa sheria ya 2013, na orodha yao iko wazi kwenye tovuti. Chuo kikuu ni kazi ya CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu. Uuguzi una sharti la zaidi: chuo kiidhinishwe na Baraza la Wauguzi, na kila mwanafunzi asajiliwe huko anapoanza masomo; hiyo ndiyo namba ya indeksi. Bila hivyo atasoma miaka yote mitatu, karo italipwa yote, lakini mtihani wa leseni hatakalia, na bila leseni hawezi kuajiriwa kama muuguzi. Na diploma ya uuguzi huanzia C ya wastani. Hakuna brijing ya miezi mitatu inayogeuza D+ kuwa C; anayetaka gredi nyingine hurudia KCSE.

Nafasi za KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, mwanafunzi huomba mwenyewe kwenye tovuti yao na hulipia kupitia eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali mtandaoni. Hazipitii kwa mtu yeyote mwenye namba ya M-Pesa.

Kinachoniuma zaidi ya pesa ni kwamba D+ ile ilikuwa na mlango wake halali. Kisumu National Polytechnic ipo hapa hapa mjini, Sigalagala ipo Kakamega, na kozi za cheti za gredi hiyo zipo. Sisi tulipoteza muhula mzima juu ya duka la misumari.

Nilipodai pesa zangu niliambiwa mkurugenzi yuko safarini. Sasa simu haishikwi. Nimeandikisha malalamiko polisi na nina namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, na kwa kuwa jambo liko huko, jina la chuo silitaji hapa. Lakini darasani walikuwa watoto kumi na wanane. Kama wako ni mmoja wao, niandikie faraghani twende kituoni pamoja. Jumbe za M-Pesa msizifute, na ile risiti ya mkono, hata kama imekunjamana, njoo nayo.