Mbegu ya lusani kwa shamba lenye maji: nyota nne

Shamba langu la malisho ni mfinyanzi mtupu, mvua ikishika maji hukaa siku kadhaa. Lusani, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, haipendi hali hiyo, ila ng'ombe wanaipenda lusani, basi nikakaidi.

Mara ya kwanza nilinunua mbegu yenye ukinzani mkubwa dhidi ya Phytophthora, kimelea kinachoozesha mizizi kwenye udongo wenye maji, tena imepakwa metalaksili, dawa ya kuzuia vimelea vya aina hiyo. Nikajua nimemaliza kazi. Iliota vizuri, kisha miche ikadumaa: midogo, ya manjano, lakini imesimama wima. Nikadhani imekosa nitrojeni. Kung'oa, nikakuta mizizi ya kijivu, imelowa, na vinundu, vile vinavyoipatia lusani nitrojeni, ni vya kutafuta.

Kumbe hiyo ni kazi ya Aphanomyces, kimelea kingine cha kuozesha mizizi, na metalaksili haikigusi. Dawa ile huzuia Phytophthora na Pythium (kimelea cha kuozesha mbegu na miche) tu, tena mche ukiwa bado mchanga. Phytophthora ungeitambua kwa vidonda vya kahawia hadi vyeusi kwenye mzizi mkuu. Phytophthora na Aphanomyces zote mbili hutoa vijimbegu vyenye mikia vinavyoogelea kwenye maji ya udongoni hadi mzizini, na vile vyenye ganda nene hungoja ardhini miaka na miaka. Kwa hiyo kupumzisha shamba msimu mmoja hakusaidii kitu.

Mbegu ya sasa, ambayo ndiyo ninayoisifu hapa, ina alama ya HR (ukinzani wa juu) kwa Phytophthora na kwa Aphanomyces aina ya 1 na ya 2. Usiponunua kingine, nunua yenye ukinzani kwa hiyo aina ya 2: mbegu inayohimili aina ya 1 peke yake inaweza kuangushwa na ya 2. Huu ni msimu wa pili. Lusani imefunga ardhi, na mizizi ninayochimba ni myeupe, yenye vinundu vya waridi.

Lalamiko langu ni juu ya mfuko. HR maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 50 ya mimea ina ukinzani. R, alama ya chini yake, ni asilimia 31 hadi 50. Yaani hata kwenye mbegu bora kabisa kuna mimea mingi dhaifu itakayokufa, wala si kwamba umeuziwa mbegu bandia. Hilo halikuandikwa popote mfukoni, nikapanda nyembamba kwa kubana matumizi. Sehemu zile bado zina mapengo.

Halafu kuna bonde dogo pembeni ambako kila kitu kilikufa. Pale sikulaumu mbegu. Maji yalituama hadi mizizi ikakosa hewa, na hakuna ukinzani wa ugonjwa unaozuia kuzama. Nimechimba mfereji, na palipobaki chepechepe nimepanda klova ya alsike, inayovumilia maji kuliko lusani. (Wenye farasi msiniige, inaweza kuwadhuru.) Ng'ombe wangu wameanza kuizoea.