Bunduki ya kumwagilia isiyokulowesha mkono: ipi ununue, ipi uiache dukani

Waulize watu kwa nini walitupa bunduki ya mpira wa maji, kile kifaa cha triga kinachofungwa mwishoni mwa mpira. Wachache watasema ilivunjika. Wengi watakuambia ilianza kuvuja: kwanza tone mojamoja chini ya triga, baadaye kijito kinachoshuka kiganjani hadi kiwikoni, na mwishowe mkono wa shati unapata maji mengi kuliko mboga. Halafu wanarudi dukani kuchagua nyingine kwa rangi na kwa idadi ya mitindo ya maji iliyoandikwa kwenye boksi.

Rangi tuiache. Urefu wa mruko nao tuuache, maana unategemea shinikizo la maji yako zaidi ya bunduki. Kitu cha kukazia macho ni fimbo ya triga na oringi inayoizunguka, yaani pete ndogo ya mpira ya kuzuia maji.

Ndani ya bunduki ya kawaida kuna fimbo nyembamba. Mbele ina kizibo kinachokalia tundu la maji, na springi ndiyo inayokirudisha kizibo mahali pake. Ukibana triga, fimbo inavutwa na tundu linafunguka. Lakini fimbo hiyo lazima itoke kwenye maji ije nje iliko triga, na pale inapopenyea pana oringi moja, pengine mbili. Kila unapobana na kuachia, fimbo inaisugua oringi. Maji yakiwa na mchanga, chembe zinakwama katikati. Yakiwa na chokaa, ukoko mweupe unaganda juu ya fimbo. Na fimbo ikiwa chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, kromu ikichubuka kutu inaingia, na kuanzia hapo fimbo inakwangua mpira kama tupa kila ukimwagilia. Mwili wa bunduki unaweza kuwa mzima kabisa, umepakwa rangi vizuri, na bado haufai kitu.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani: je, oringi ile inafikika? Kuna bunduki zenye nati ndogo ya kukazia pale fimbo inapotokea. Ikianza kuvuja, unaikaza robo mzunguko na kazi inaendelea. Isipokubali, unaifungua na kuweka oringi mpya. Kuna zinazofunguka kwa skrubu, nazo si mbaya. Na kuna zile ambazo pini ya triga imegongwa kwa nyundo kiwandani au mwili umegandishwa, hazifunguki bila kuvunjwa. Hizo zimetengenezwa zitupwe.

Bana triga mara kumi na tano hivi ukiwa umesimama palepale kaunta. Isikwaruze wala isichelewe kurudi. Shika fimbo kwa vidole viwili uitikise kushoto na kulia: ikicheza sana, tundu lake ni pana na oringi inaliwa upande mmoja. Chungulia kwenye mdomo wa kuingilia maji. Chujio dogo la wavu ndani ya washa (ile pete bapa ya kuzuia maji) ni dalili kwamba aliyeitengeneza alifikiria mchanga. Springi na fimbo viwe vya stenlesi. Ukienda na sumaku, ujue springi ya stenlesi ambayo waya wake ulinyooshwa kiwandani ukiwa baridi inaweza kunata kidogo, usiikatae kwa hilo. Ya chuma cha kawaida inanata kwa nguvu.

Tatizo ni kwamba bunduki nyingi zimefungwa kwenye kadi kwa vibano vya plastiki, triga imefungwa kamba, na muuzaji hataki uguse mpaka ulipe. Ukitaka kununua kikombe unaruhusiwa kukigeuza chini juu. Ukitaka kununua kitu chenye springi, fimbo na maji ya shinikizo, unaambiwa uamini picha. Mwombe afungue. Akikataa, kuna duka jingine.

Haya, mpangilio.

Ya kwanza ni bunduki ya shaba ya manjano yenye triga ya nyuma na nati ya kukazia. Fimbo yake inakwenda moja kwa moja kutoka kizibo hadi nyuma na hakuna vijiti vya kukunja njia. Nati ya mwishoni mwa fimbo inakuwezesha kupanga triga ifungue kiasi gani: maji mengi kwa kuosha gari, machache kwa miche. Kasoro yake ni uzito, na kwamba springi hufunga kwa kishindo. Ukiachia triga ghafla, maji yaliyokuwa mwendoni yanagonga mpira mzima na viungo vyake, na mpira dhaifu unavimba pale karibu na kiunganishi. Achia taratibu. Kile kibano cha waya cha kushikilia triga kisikuvutie sana. Kikichoropoka chenyewe kinaleta kishindo hichohicho.

Ya pili ni ya plastiki nzito yenye swichi ya kidole gumba. Hii inabaki pale ulipoiacha, kwa hiyo mikwaruzo kwenye oringi ni michache, na inafunga polepole bila kugonga mpira. Mkono hauchoki. Plastiki haishiki kutu, ila jua linaikausha, basi ikae kivulini.

Upande wa plastiki napendelea Gardena waziwazi. Ni kampuni ya Kijerumani iliyoanzia mjini Ulm mwaka 1961, na mfumo wake wa viunganishi vya kubofya ulitoka 1968. Umbo la ile chuchu ya kuingizia likaigwa na watengenezaji wengi baadaye. Kinachonivutia ni kwamba oringi za viunganishi hivyo zinauzwa peke yake kama vipuri. Vya kuiga vinaingia vizuri siku ya kwanza, kisha meno ya kushikia yanalegea na bunduki inaruka kama risasi maji yakipanda. Hata hivyo jina halikuondolei jaribio la triga. Modeli isiyofunguka haifunguki, hata ikiwa na jina gani.

Nje ya mashindano, kwa kuwa si bunduki hasa: mdomo wa shaba wa kuzungusha, ule mfupi usio na triga. Hauna springi, hauna fimbo ya kusukumwa, una oringi moja au mbili tu. Ukiuzungusha unapata ukungu, manyunyu, mkondo, kisha unafunga. Kwa kudumu unazishinda zote mbili za juu. Ubaya ni kwamba unahitaji mikono miwili, na kufunga kunachukua muda. Wengine huweka koki ndogo ya mpini nyuma yake, na hapo wamemaliza.

Ya mwisho, zile za kichwa cha kuzungusha chenye mitindo minane au kumi. Watu hutumia miwili: manyunyu na mkondo. Iliyobaki ni matundu ya kuziba kwa chokaa. Kichwa chenyewe kinazunguka juu ya mpira mwingine bapa, na mpira huo ukiliwa, maji yanatoka kwenye matundu mawili kwa wakati mmoja. Umeongeza mahali pa pili pa kuvuja, ukalipia. Ukichota maji kwenye tangi la kwenu, ziepuke kabisa: kila mita 10 za kimo zinatoa takriban angahewa moja ya shinikizo, basi tangi lililo mita 3 juu linakupa kama theluthi moja tu, na vile vitundu vinakunyima hata hicho kidogo.

Za bei ya chini kabisa, plastiki nyepesi: zitatosha msimu mmoja. Basi.

Sasa hili la “shaba”. Neno hili linatumiwa vibaya mno madukani. Bunduki nyingi zinazoitwa za shaba ni aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na unatozwa bei ya shaba. Tazama ndani ya nyuzi za kufungia, yaani ile mistari ya kuzungushia kama ya skrubu, ambako rangi huwa nyembamba, au kwaruza kidogo kwa ncha ya ufunguo: njano hadi ndani ni shaba, kijivu ni zinki. Uzito nao unasema: shaba ya manjano ina takriban gramu 8.5 kwa sentimita moja ya ujazo, aloi ya zinki 6.7, alumini 2.7. Zinki na alumini zikifungwa kwenye kiungo cha shaba na kulowana kila siku huliwa. Unaona unga mweupe, halafu siku ya kufungua hazitoki. Shaba nayo si ya kunywea maji, kwani nyingi ya vifaa vya bustani ina madini ya risasi ndani yake.

Nyuzi zenyewe zina mtego. Robo tatu inchi ziko za aina mbili: ya Uingereza, BSP, yenye nyuzi 14 kwa inchi, na ya Marekani yenye 11.5. Zinaonekana sawa kwa macho. Ukichanganya, inaingia mzunguko mmoja au miwili kisha inagoma. Ukilazimisha, umeharibu zote mbili. Tepu nyeupe ya mafundi bomba haisaidii hapo, kwa sababu kwenye viungo vya mpira wa maji kinachozuia maji ni washa iliyo ndani, siyo nyuzi.

Kubadilisha oringi ya fimbo: funga bomba, bana triga mpaka shinikizo liishe, ndipo ufungue nati ya nyuma na ile ya kukazia. Vuta fimbo. Loweka fimbo na kizibo kwenye siki nusu saa, bila oringi, kisha suuza. Pima unene wa fimbo kwa kalipa na uchukue oringi ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, inayostahimili maji na jua kuliko mpira wa kawaida. Ipake grisi ya silikoni. Usitumie grisi ya gari wala mafuta ya injini, EPDM inavimba ikiyagusa. Kaza nati kwa vidole, fungulia maji, kisha ongeza robo mzunguko tu kama bado inatoa tone. Ukikaza kupita kiasi, triga haitarudi.

Kila ukimaliza kumwagilia, funga bomba kwanza, kisha bana triga utoe maji. Anayefunga bomba bila kutoa maji na kuuacha mpira juani anayaacha yapanuke yasipate pa kwenda, na mahali dhaifu kuliko pote ni ileile oringi. Penye baridi ya kugandisha, bunduki iingie ndani ikiwa tupu. Mwili wa zinki ukipasuka kwa barafu hauna fundi. Na ukienda kununua oringi, chukua mbili za saizi hiyo, maana ukirudi baada ya miezi kadhaa utaambiwa hawauzi vipuri, wanauza bunduki.