Kulala kando ya mto kusini: Mang'ula, Msembe, Tungamalenga au Mloka?

Ikifika Mei, mvua zikianza kukatika, simu yangu huanza kuita. Ndugu, majirani, watu wa kazini: tuna hema, tuna siku nne za likizo, tunataka kulala kando ya mto, twende wapi? Kabla sijataja jina la kambi huwa nauliza mambo mawili. Mnakwenda na gari gani? Na je, mna watoto? Majibu ya hayo mawili hupunguza nusu ya orodha kabla hatujagusa bei.

Orodha yenyewe ni ya kusini mwa Tanzania, kuanzia Mikumi kwenda Ifakara, Iringa, na kushuka hadi Rufiji. Huko ndiko mito ilikojazana. Ruaha Mkuu unateremka kutoka bonde la Usangu, unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, unajaza bwawa la Mtera, kisha la Kidatu. Kilombero unakusanya vijito vya Udzungwa na kutanda kwenye bonde lote la Ifakara. Luwegu unakuja kutoka upande wa mkoa wa Ruvuma. Kilombero na Luwegu ikikutana ndipo Rufiji unapozaliwa, na Ruaha Mkuu unajiunga mbele kidogo. Maana yake kwako wewe mwenye hema ni kwamba anga linaweza kuwa jeupe kabisa juu ya kichwa chako, huku maji yanayopita mbele ya mlango wako yakiwa ya mvua iliyonyesha juzi mkoa mwingine.

Kagua ukingo kabla ya kulipa

Mara ya kwanza nilipolala mtoni nilipelekwa na mhudumu wa kambi moja ya watu binafsi hadi sehemu nzuri sana, tambarare, hatua kumi kutoka majini. Nyasi zilikuwa fupi kama za uwanja wa mpira. Nikamsifu kwa usafi, naye akatabasamu tu. Saa nane usiku nikaamka kwa sauti ya mtu anang'oa nyasi kwa nguvu, kraa, kraa, na kupumua kwa uzito. Zile nyasi hazikuwa zimefyekwa na mtu. Kiboko ndiye aliyekuwa fundi wa bustani ile, na usiku huo alikuwa kazini. Mke wangu alinishika mkono, hakuna aliyesema neno hadi kukapambazuka. Asubuhi tulikuta nyayo zake kati ya hema na gari.

Tangu siku hiyo sitoi fedha kabla sijatembea ukingoni kwa miguu, mchana. Kiboko hukaa majini kutwa, usiku hutoka kwenda malishoni, na hupenda kupita njia ileile. Njia yake utaijua: ni mfereji uliochimbika kwenye ukingo, wenye mistari miwili ya nyayo na kituta chembamba katikati, kwa sababu miguu yake ya kulia na ya kushoto imeachana. Ukiuona mfereji huo, hema likae mbali nao, wala usiweke hema kati ya njia na maji. Kiboko akishtuka hukimbilia mtoni, na chochote kilichomkatisha njia atakipitia juu.

Cha pili, inua macho. Tazama matawi ya miti ya ukingoni. Majani makavu, vijiti na vipande vya nailoni vilivyonasa juu vinakuonyesha maji yalifika wapi masika yaliyopita. Vikiwa juu ya kichwa chako, hapo ni pa kupigia picha, si pa kulala. Ukiwa bado umeinua macho, angalia pia mti wenyewe. Mwegea una matunda marefu yenye uzito wa kilo kadhaa, na hakuna hema la dukani linaloweza kuyahimili. Mti mwingine wa kukwepa ni ule unaodondosha matunda au maganda ambayo tembo anayapenda. Kivuli chake ni kizuri, lakini mwenyewe atarudi kukidai.

Choo kinafuata. Nasema hivi kwa uzoefu: kambi yenye choo kilicho mita themanini kutoka kwenye hema, bila taa, ni kambi ambayo watu wazima watajikuta wanatumia chupa.

Ya kwanza: Mang'ula, Udzungwa

Kwa familia, kwa wanaoanza, na kwa wasio na gari la kupanda milima, naiweka Mang'ula juu ya zote. Mikumi mjini unakata kushoto, unapita Kidatu na mashamba ya miwa, na baada ya kilomita zipatazo 60 uko kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Basi la Ifakara linakushusha hapo hapo kijijini. Reli ya TAZARA nayo ina kituo Mang'ula.

Sababu yangu kubwa ni aina ya maji. Mito ya hapa ni mifupi, baridi, inaruka juu ya mawe ikitoka msituni. Viboko na mamba hawako kwenye vijito vya mlimani. Maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170 hivi, yana bwawa chini yake ambapo watu wanaoga, na matembezi yake yanakwisha ndani ya nusu siku. Hifadhi hii, iliyoanzishwa 1992, haina barabara za kuzungukia na gari. Kila kitu ni kwa miguu na mwongoza watalii, kwa hiyo gari dogo halikunyimi chochote. Wenye mapafu wanaweza kupanda Mwanihana, kilele kinachozidi mita 2,000, wakilala njiani.

Halafu kuna nyani wa pale. Wataalamu walimtambua ngolaga mwaka 1979, lakini jina hilo wenyeji walikuwa nalo siku zote. Watoto wangu bado wanabishana nani alimwona kwanza.

Kasoro ziko. Msitu huu haukauki sawasawa hata kiangazi, kwa hiyo hema lisilo na kifuniko cha juu cha maana litakulowesha Agosti. Kima wanaiba mkate mkiwa mnatazama. Na vijito vya mlimani hupanda haraka: mvua ikipiga juu, maji yanageuka rangi na kuvimba kwa muda mfupi. Yakianza kuwa ya udongo, toeni watoto majini bila mjadala. Mtu ambaye kwake safari haijakamilika bila tembo na simba, huyu Mang'ula itamchosha siku ya pili.

Ya pili: Msembe, ndani ya Ruaha

Kama una gari lililoinuka na umewahi kulala porini angalau mara moja, hapa ndipo penyewe. Kutoka Iringa ni kilomita 130 hivi hadi Msembe, makao makuu ya hifadhi, na kambi za umma ziko ukingoni mwa Ruaha Mkuu. Mibuyu, miamba, tembo wanaovuka mto jua likizama. Ruaha ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa 1964, na baada ya kuongezewa eneo la Usangu mwaka 2008 ilifikia kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Hata wikiendi yenye wageni wengi, ukiondoka Msembe dakika ishirini unajikuta peke yako.

Lakini wengi wanaikosea tarehe. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi, na sababu inayotajwa zaidi ni maji yanayochepushwa huko juu Usangu kwa kilimo cha mpunga. Ukifika Oktoba ukitarajia kusikia mto ukinong'ona, unaweza kukuta mchanga mweupe na madimbwi machache, viboko wamebanana ndani kama abiria wa daladala ya jioni. Kwa mtazamaji wa wanyama ni neema, maana kila kiumbe kinakuja pale. Kwa aliyetaka mto, ameuziwa mchanga. Mimi huenda Juni mwishoni au Julai: nyasi zimeshalala na maji bado yanatembea. Usiku ni baridi kuliko watu wa Dar wanavyofikiri, beba blanketi.

Matunda yasilale ndani ya hema. Chungwa moja ndani ya begi linatosha kumleta tembo, naye hana habari na zipu. Chakula kikae kwenye gari lililofungwa, na maganda yasitupwe karibu.

Ya tatu: Tungamalenga

Kijiji hiki kiko njiani kuelekea Ruaha, nje ya hifadhi, na kina kambi za watu binafsi kando ya mto mdogo wenye jina hilohilo. Uzuri wake ni wa kifedha na wa saa. Ndani ya hifadhi unalipa kiingilio cha kila mtu, gari, na kulala. Kijijini unalipia mahali pa hema tu, mara nyingi pamoja na bafu la maji ya moto na mtu wa kukupikia ugali. Ukitoka Dar alfajiri na kuchelewa Ruaha Mbuyuni ukinunua vitunguu (sote tunachelewa pale), utafika Iringa jioni, na giza likishaingia hakuna kuendesha gari hifadhini. Basi lala Tungamalenga, uingie kesho yake.

Hapa kuna hesabu ndogo inayookoa fedha. Kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24. Ukiingia saa nane mchana, ukalala ndani, na kutoka kabla ya saa nane kesho yake, umepata jioni moja na asubuhi moja, nyakati mbili ambazo wanyama wako nje, kwa kiingilio kimoja. Anayeingia asubuhi na kutoka jioni analipa kiasi kilekile na anakula jua la saa saba.

Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja tu: usiku utasikia muziki wa kijijini, na mto wenyewe ni mwembamba.

Ya nne: Mloka, mlango wa Rufiji

Kwa mtu wa Dar huu ndio mto mkubwa ulio karibu zaidi. Unapita Kibiti, unaacha lami, unaingia barabara ya vumbi hadi Mloka, jirani na geti la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hifadhi hiyo ilimegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Safari ya boti asubuhi, mivumo imesimama majini, mamba wameanika matumbo mchangani, hakuna kambi nyingine katika orodha hii inayoweza kukupa hayo.

Mbona basi iko ya nne? Kwa sababu Rufiji una nguvu ya mito yote niliyoitaja juu. Aprili 2024 ulifurika, ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Siku hizi, kabla ya kufika Mloka, maji hupitia bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme wa megawati 2,115, kwa hiyo kutazama mvua peke yake hakukuambii mto utakuwaje kesho. Machi hadi Mei sipendekezi hata kwa bure, na kambi nyingi hufunga. Miezi mingine, usichukue nafasi ya chini karibu na maji hata wakikupunguzia bei. Mto huu hauogwi, hauchotwi kwa kuinama, na mtoto hasimami ukingoni peke yake. Mamba haonekani kabla.

Vaa rangi za khaki. Bluu iliyokoza na nyeusi huita mbung'o, nao wanauma hadi kupitia soksi.

Ya tano: ndani ya Nyerere

Kambi za umma za Ziwa Tagalala na daraja la Beho Beho ndizo nzuri kuliko zote nilizozitaja, na ndiyo maana nimeziweka mwisho. Huduma ni chache, maji ya kunywa unabeba mwenyewe, simba hupita, na gari likizama tope msaada uko mbali. Nenda na magari mawili, na angalau mmoja wenu awe ameshawahi kwenda. Anayeanza na hapa huwa haendi tena popote.

Bonde la Kilombero karibu na Ifakara sikulipa namba. Ni zuri, lina sheshe (aina ya swala) na ndege wa kila rangi, ila ni bonde la mafuriko lisilo na kambi rasmi nyingi, na kulala hapo kunategemea mwenyeji utakayempata. Maji yake yaliyotulia yasiogwe pia, kichocho kipo.

Kabla ya kutoa fedha

Hifadhi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hazitaki fedha taslimu getini. Unalipa kwa kontroli namba au kadi, na mtandao wa simu huko ni wa kubahatisha, kwa hiyo malizana na malipo ukiwa mjini: Iringa kwa Ruaha, Mikumi kwa Udzungwa. Kitambulisho cha NIDA kila mtu mzima abebe, kwa sababu Mwanaafrika Mashariki analipa kwa shilingi na asiye na kitambulisho anaweza kujikuta anajadiliana kwa dola.

Kambi za vijijini piga simu. Usiulize kama ni pazuri, watakujibu ndiyo. Uliza choo kiko hatua ngapi, gari dogo linafika, kuna mlinzi wa usiku, na maji ya 2024 yalifika wapi. Mwenyeji wa kweli atakujibu hilo la mwisho kwa mti au kwa ukuta: yalifika kwenye ule mwembe, yaligusa dirisha la jiko. Akikuambia hayakufika, muulize jirani yake.