Huduma ya mizigo kwa sauti: uzoefu wa mama mkubwa Kirumba

Ninaandika haya nikiwa bado na hasira. Kampuni moja ya kusafirisha mizigo hapa Mwanza imeweka namba ya simu inayopokelewa na mashine: unapiga, unataja kwa mdomo mzigo wako na mji unakokwenda, nayo inakuandikia. Mama mkubwa, anayeuza dagaa Mwaloni pale Kirumba na ambaye hajui kusoma, aliifurahia kuliko sisi sote, kwa kuwa tangu aanze biashara amekuwa akitegemea mtoto wa jirani amsomee kila ujumbe.

Juzijuzi akawa na magunia ya kupeleka Morogoro. Yeye husema Mologolo, kama wasemavyo Wasukuma wengi wa rika lake, na hakuna mtu sokoni aliyewahi kushindwa kumwelewa. Mashine ilimwomba arudie, akarudia. Ikamwomba tena, akapaza sauti kuzishinda kelele za wachukuzi na injini za mitumbwi. Kisha ikamshukuru na kukata. Magunia yakaenda Moshi. Haikumuuliza hata kidogo kama ni Moshi anakotaka, bali iliandika na kutuma ujumbe ambao yeye hawezi kuusoma.

Tulipofika dirishani, kijana aliyekuwepo hakumpa hata shikamoo. Alimtazama akasema, "Mama, jifunze kuongea Kiswahili vizuri, mashine haijui Kisukuma." Mama mkubwa alikuwa akiuza na kununua kwa Kiswahili kabla kijana yule hajazaliwa. Alijibu tu, "Haya, mwanangu," akanyamaza njia nzima hadi nyumbani, na kunyamaza kule kumeniuma kuliko nauli ya kuyarudisha magunia.

Ulimi wake hauna kosa. Mashine ya namna hii hujifunza kutokana na sauti ilizosikilizishwa, kisha hukisia neno linaloelekea zaidi kuwa ndilo; isiposikilizishwa wazee wa Kanda ya Ziwa, itakisia vibaya mara kwa mara watakapofungua kinywa. Mwaka 1952 maabara za Bell huko Marekani zilitengeneza mashine iitwayo Audrey, iliyotambua tarakimu kuanzia sifuri hadi tisa, na ili ifanye kazi vizuri ilibidi irekebishwe kufuata sauti ya msemaji. Mashine ndiyo iliyomfuata mtu. Kijana wa dirishani anataka mama wa watu aifuate mashine, tena sokoni, huku gunia likiwa begani mwa mchukuzi.

Kinachonisumbua zaidi ni namna sauti zenyewe zinavyopatikana. Hazina ya sauti za Kiswahili katika mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, unaokusanya sauti za watu wanaojitolea, kazi ninayoiheshimu sana, imejengwa kwa kiasi kikubwa na watu wanaosoma sentensi zilizoandikwa kwenye skrini. Asiyejua kusoma hawezi kuchangia kwa njia hiyo, ilhali yeye ndiye anayeihitaji zaidi huduma ya sauti. Na dawa si ngeni: mwaka 1997 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, walifungua Jupiter, mfumo wa kuuliza hali ya hewa kwa simu, na sauti za watu waliopiga zikatumika kuuboresha. Kampuni hii inapigiwa kutoka Mwaloni kila siku. Iombe ridhaa ya wateja wake, ihifadhi sauti zao, iifundishe mashine yake.

Nilikusudia kuipa nyota moja na kuwaambia wafanyabiashara wote waachane nayo. Kisha usiku mmoja, nyumbani kukiwa kimya, mama mkubwa akapiga mwenyewe kuuliza kama magunia yamerudi. Ikamwelewa papo hapo na kumjibu kwa Kiswahili kinachoeleweka, bila mtoto wa mtu yeyote kuitwa, na nilivyomwona alivyofurahi nikasema nyota nne, hii ni huduma ya kuilinda. Lakini nikimkumbuka kijana yule nashuka hadi mbili, na hata hizo mbili ni za waliobuni wazo, wala si za ofisi ile.

Kwa sasa mama mkubwa anaitumia kuulizia mzigo uliokwisha kuondoka tu. Mji wa kupeleka anautaja mwenyewe ofisini, kwa dada wa dirisha la pili, ambaye humwamkia kwanza na kumrudishia jina la mji kabla ya kuandika. Wanaoendesha mashine ile waanze na hilo la kurudia jina la mji na kungoja mteja aseme ndiyo, hata wiki hii.