Skana ndogo ya OBD2 ya bluetooth: kodi (namba za makosa ya gari) achana nazo kwanza, angalia data laivu

Hii skana ninayo mwezi wa tatu sasa, ni zile za kuchomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya dashibodi (ndo hiyo OBD2, mfumo wa gari kujikagua lenyewe) halafu unasomea kwenye simu. Nilinunua sababu gari lilikuwa linazima lenyewe, na linazima likishapata moto tu. Asubuhi linawaka vizuri kabisa, unaendesha nusu saa linakata ghafla, ukipiga starta inazunguka ila haliwaki, ukisubiri lipoe linawaka kama hamna kitu. Plagi nilishabadilishiwa, pampu ya mafuta nayo ikabadilishwa, na bado linazima, inauma sana kulipia vitu ambavyo havikuwa na shida.

Siku ya kwanza skana haikuonyesha kodi hata moja. Ila aisee, nguvu ya hiki kifaa iko kwenye data laivu. Nikaiacha irekodi RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), spidi na joto la maji, nikatoka barabarani. Gari langu ni manyuo, lilipokata nilikuwa gia ya tatu na klachi sijagusa, spidi inasoma 40 lakini RPM papo hapo ni 0. Sasa hebu fikiria, matairi yanaizungusha injini halafu kompyuta inasema injini imesimama? Maana yake haipati taarifa kutoka kwa krenki sensa, ile inayosoma mzunguko wa shafti ya injini, na bila hiyo haijui pistoni ziko wapi kwa hiyo inakata cheche za plagi na mafuta. Hata nikipiga starta RPM ilibaki 0 vilevile.

Kodi P0335 ilikuja kutokea siku kadhaa baadaye. Na hapo msikimbilie kununua sensa, hiyo kodi inasema shida iko kwenye mzunguko wa umeme wa krenki sensa, inaweza kuwa waya umechubuka au konekta ina kutu. Mimi niliipima sensa na multimita, ikiwa ya baridi inasoma ohm vizuri, ikiwa ya moto haisomi kabisa, koili ya ndani inakatika ikipata joto. Ingekuwa eafulo sensa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini) imechafuka dalili zingekuwa tofauti, sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inayumba kwanza, gari linatetemeka, halikati kama umezima swichi.

Mabaya yake: ni slo, ukichagua sensa zaidi ya tatu nne namba zinachelewa na tukio la sekunde moja linakupita. ABS na eabegi yangu haisomi. Usiiache imechomekwa gari likiwa limepaki siku nyingi, inakula betri. Na ile batani ya kufuta kodi msiiguse kabla ya kuandika kila kitu, inafuta hadi zile rekodi za hali ya injini wakati kosa linatokea, ambazo ndo fundi anazihitaji.

Nyota nne. Sensa nilibadilisha wiki tano zilizopita, nimeshaendesha masaa matatu mfululizo juani na halijazima.