Karakana iliyounga chesisi ya pikapu yangu: tathmini baada ya mwaka wa mizigo

Niliipeleka pikapu yangu katika karakana hii ikiwa na ufa wa pili kwenye boriti ya kushoto ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari, karibu na kishikizo cha mbele cha springi za nyuma, sentimita chache tu kutoka mahali ambapo fundi mwingine alikuwa ameunga ufa wa kwanza miezi minane kabla. Fundi huyo wa awali alibandika bamba la mraba juu ya ufa na kulichomelea pande zote nne, na kwa macho ya mtu asiyejua, kama mimi wakati ule, kazi ilionekana imara kupita chuma chenyewe.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba mafundi walichukua karibu siku nzima bila kuwasha mashine ya kuchomelea. Walipima chesisi kwa mshazari, kona hadi kona, ili kuhakikisha kwamba haijapinda, kwa kuwa kuunga chesisi iliyopinda ni kuufunga upindo ubaki humo. Waliondoa tangi la mafuta, wakasogeza mabomba ya breki na nyaya zilizopita karibu, wakafungua nyaya za betri ili umeme wa kuchomelea usiharibu kompyuta ya gari. Bamba la zamani lilikatwa, na eneo lote likasagwa hadi chuma kikang'aa.

Ufa ulionekana kwa macho kuwa na urefu wa kidole. Walipopaka rangi nyekundu inayopenya nyufa, wakaifuta, kisha wakapulizia unga mweupe, mstari mwekundu ulijitokeza na kuendelea mbele zaidi ya pale nilipodhani umeishia. Hapo ndipo walipotoboa tundu dogo kwa kekee, kwenye ncha halisi ya ufa, ili usiendelee kutambaa. Tundu lililotobolewa nyuma ya ncha hiyo halizuii chochote. Baada ya hapo waliusaga ufa wenyewe uwe mfereji wenye umbo la herufi V, ili chuma kinachoyeyushwa kijaze unene wote wa boriti badala ya kufunika juu juu.

Walitumia vijiti vya kuchomelea vya namba 7018 vilivyohifadhiwa katika kasha lenye joto, kwa sababu unyevu ukiingia katika ganda lake huleta hidrojeni inayoweza kupasua kiungo chuma kikishapoa. Kibanio cha waya wa ardhi kilifungwa karibu kabisa na kazi, umeme usije ukapita katika beringi. Walichoma vipande vifupi, wakapumzika, wakagonga na kusugua takataka, kisha wakaendelea. Niliuliza kwa nini wasimwagie maji ili kazi iende haraka (swali la mwenye haraka, nakiri), nikaelezwa kwamba chuma kinachopozwa ghafla huweza kuwa kigumu na chepesi kuvunjika.

Bamba la kuimarisha ndilo lililonionyesha kosa la ukarabati wa kwanza. Boriti ikibeba mzigo, mikunjo yake ya juu na ya chini, yaani sehemu zilizokunjwa kutoka kwenye ukuta wake wa wima, ndiyo inayovutwa na kubanwa zaidi, ilhali katikati ya ukuta huo pana nafuu. Mstari wa kuchomelea unaokata boriti wima, kama zile pande mbili za bamba la mraba, huweka mahali padhaifu, palipopikwa na moto, kwa mkato mmoja kutoka juu hadi chini, na ufa wangu wa pili ulikuwa umefuata mstari huo huo. Bamba jipya lilikatwa kwa umbo la uru wa karata, likiwa refu na lenye ncha zilizochongoka, unene wake haukuzidi wa boriti, na halikuchomelewa kwenye kingo za mikunjo. Walikagua pia kama chesisi ni ya chuma cha kawaida, kwani kuna chesisi za chuma kilichotiwa ugumu kwa moto ambazo watengenezaji wake hukataza kuzichomelea.

Malalamiko yangu ni mawili. Kazi ilichelewa siku mbili kuliko nilivyoahidiwa, wala hakuna aliyenipigia simu. Kubwa zaidi ni kwamba walipaka rangi ya kuzuia kutu upande wa nje pekee, na kuuacha upande wa ndani wa boriti, ambao moto ulikuwa umeunguza rangi yake ya awali. Kwa karakana iliyo makini kiasi hiki, uzembe huo haukubaliki.

Kila ninapobadilisha oili hulala chini ya gari na kumulika tochi pembezoni mwa bamba, nikitafuta mstari mwembamba wa kutu unaochungulia katika rangi, kwa maana mara nyingi huonekana kabla ya ufa wenyewe. Baada ya mwaka mmoja wa mizigo, kutu niliyoikuta ni ile ya ndani tu, na nimeipaka mwenyewe.