Programu ya Torenti Isiyo na Kupe: Za Kuchukua, za Kufikiria na ya Kuacha

Bidhaa nyingi bei yake hukudokezea kitu. Ukiona ya chini mno unashtuka, ukiona ya juu unauliza ina nini cha zaidi. Programu za kugawana faili hazikupi hata dokezo hilo. Nzuri ni bure, mbaya ni bure, na ile mbaya mara nyingi ndiyo yenye tovuti ya kupendeza na kitufe kikubwa cha kijani. Kwa hiyo kabla sijauliza programu inafanya nini, nauliza walioiandika wanakula nini. Jibu lisipoonekana, huenda anayewalisha ni kompyuta yako.

Mchezo huu ni wa zamani. Kazaa, programu ya kugawana faili, ilipotoka mwaka 2001 ilikuja na msafara wa programu za matangazo, zile wenye kompyuta huziita adiwea, zikijibandika kama kupe kwenye ng'ombe. Watu walichoka hadi baadhi yao wakatengeneza nakala iliyokwanguliwa takataka, Kazaa Lite, ambayo wenye Kazaa hawakuifurahia hata kidogo. Mwaka uliofuata ikatoka eMule, msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma, bila matangazo. Kazi ileile, kipindi kilekile. Matangazo ulikuwa uamuzi wa mwenye programu, wala teknolojia haikuyadai.

Siku hizi kwa wengi kugawana faili maana yake ni BitTorrent, itifaki (kanuni za kompyuta kuwasiliana) aliyoianzisha Bram Cohen mwaka 2001. Faili hukatwa vipande, kila anayepakua huwagawia wengine vipande alivyokwisha kupata, na hakuna seva moja inayobeba mzigo wote mgongoni. Ndiyo maana LibreOffice, programu za ofisi za bure, na wasambazaji wengi wa Linux, mfumo huria wa kompyuta, hutoa torenti (faili ndogo zinazoielekeza programu kwenye vipande) za faili zao kubwa, na Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ikaanza kufanya hivyo 2012. Itifaki yenyewe iko wazi, hivyo faili ileile utaipata kwa programu yoyote utakayochagua. Hakuna unachokosa kwa kuikataa yenye kero.

Nimezipanga kwa vipimo vitatu: msimbo wake uko wazi au umefungwa, pesa zinatoka wapi, na walijibu vipi siku mambo yalipoharibika. Hicho cha tatu nakipa uzito kuliko watu wengi wanavyokipa. Programu ambayo haijawahi kupata tatizo huenda haijawahi kuchunguzwa.

Ya kwanza: qBittorrent

Ukitaka jina moja ufunge ukurasa, chukua hili. Ilianzishwa 2006 na Christophe Dumez, wakati huo mwanafunzi Ufaransa, na tangu hapo imekuwa ikitunzwa na watu wa kujitolea chini ya GPL, leseni ya programu huria. Wanaishi kwa michango. Ukiifungua hukuti tangazo pembeni, hukuti toleo la kulipia linalokunyemelea kila ukibofya, wala haikuombi ubadilishe ukurasa wa mwanzo wa kivinjari chako. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na mtu aliyezoea programu za zamani za torenti atajiona yuko nyumbani, maana sura yake haina mikogo.

Chini yake kuna libtorrent, maktaba ya msimbo (injini ya kupakulia) ya Arvid Norberg, ambayo Deluge, tutakayoifikia chini, nayo inaitumia. Kwa hiyo tofauti ya kasi kati ya hizi mbili si ya kukunyima usingizi.

Doa lake nalitaja kwa sababu wanaoisifu hulipita kimyakimya. Oktoba 2024, toleo la 5.0.1 liliziba pengo lililokuwapo tangu 2010: programu ilipokuwa ikivuta vitu yenyewe, kama vile milisho ya RSS (orodha za habari mpya za tovuti) au taarifa za toleo jipya, haikuwa ikikagua vyeti vya usalama vya seva, vile vinavyothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe. Miaka 14! Mtu aliyekaa katikati ya mtandao wako angeweza kukubadilishia ulichoomba. Msimbo wazi hauna maana kwamba kuna anayeusoma kila asubuhi. Lakini pengo lilipoonekana, mtu wa nje aliweza kuonyesha mstari wenyewe na siku ulipoingia, na hilo kwa programu iliyofungwa lisingewezekana. Funzo la matumizi ni fupi: usibaki na toleo la chini ya 5.0.1.

Jambo lingine dogo. Ina uwezo wa kuendeshwa kupitia kivinjari, na matoleo ya zamani yalikuja na nywila moja kwa wote, adminadmin. Tangu 4.6.1 hutengeneza nywila ya muda ya bahati nasibu. Kama huihitaji sehemu hiyo, iache imezimwa kama ilivyokuja.

Ya pili: Transmission

Nyepesi, tulivu, haina vitufe vya kukuchanganya. Ilianza 2005, ikapendwa na watu wa Mac, na kwa miaka mingi ilikuwa ikija pamoja na Ubuntu, aina moja ya Linux. Mtu anayepakua torenti mbili kwa mwezi hahitaji zaidi ya hii. Msimbo wazi, matangazo hakuna.

Sasa kisa chake, kwa sababu ndicho kilichonibadilisha namna ninavyotazama mambo haya. Machi 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti rasmi ya Transmission wakabadilisha kisakinishi cha toleo la 2.90 cha Mac. Ndani waliweka KeRanger, programu inayofunga faili zako kisha inadai fidia. Ilikaa kimya siku tatu, halafu ikafunga kila kitu na kuomba bitcoin moja. Ilikuwa na saini ya cheti halali cha msanidi wa Apple, hivyo Mac iliipokea bila kuuliza. Watu waliopakua walikuwa wamefanya kila kitu sawasawa: programu nzuri, tovuti rasmi, saini ipo. Wenye Transmission walitoa haraka toleo lililokuwa linaifuta, ila Agosti mwaka huohuo tovuti ikaingiliwa tena, safari hii na kidudu kingine, Keydnap. Baada ya hapo faili zao zikahamia GitHub, ghala la mtandaoni la msimbo.

Kwa nini basi naiweka ya pili badala ya kuifukuza? Kwa sababu walioumizwa walikuwa wao pia, walisema wazi kilichotokea, na walibadilisha mahali pa kuhifadhia. Kuvunjiwa nyumba ni tofauti na kumfungulia mwizi mlango mkagawana naye.

Ya tatu, kwa wenye mahitaji maalumu: Deluge au BiglyBT

Deluge imeandikwa kwa lugha ya Python na hugawanyika sehemu mbili: injini inayopakua, na uso unaouona. Injini unaweza kuiacha kwenye kompyuta kuukuu iliyo kwenye kona, ukaiongoza kutoka kwenye nyingine. Vitu vingi ni vya kuongeza mwenyewe. Udhaifu wake ni mwendo: toleo la 2.0 lilitoka 2019 na watumiaji wa Windows wakakaa miaka wakisubiri la kwao.

BiglyBT ni ya wale wanaopenda kugusa kila skrubu. Ilitengenezwa 2017 na watu waliotoka Azureus, programu ya 2003 iliyokuja kuitwa Vuze na kujaa matangazo. Walichukua msimbo, wakaacha matangazo nyuma. Inatumia lugha ya Java na inakula kumbukumbu kuliko wenzake, kwa hiyo kompyuta yenye RAM kidogo itahema.

Ya nne: Tixati

Haina adiwea na wanaoitumia wanaipenda kweli. Lakini msimbo wake umefungwa, hivyo unachukua neno la mwenyewe. Sina baya la kusema juu yake. Nina tu zingine nne ambazo hazinihitaji kuamini.

Ya kuacha: µTorrent

Hii inauma kidogo, kwa sababu ilikuwa kitu cha ajabu. Ludvig Strigeus aliitoa 2005 ikiwa faili ndogo mno, ikikimbia hata kwenye kompyuta iliyochoka. Mwisho wa 2006 ikanunuliwa na kampuni ya BitTorrent. Mwaka 2012 yakaja matangazo ndani ya programu. Machi 2015 watumiaji wakagundua Epic Scale, programu ya kuchimba sarafu za kidijitali iliyokuja pamoja na kisakinishi na kutumia kichakataji cha kompyuta zao. Kampuni ilisema haiingii bila idhini ya mtumiaji. Watumiaji wengi walisema hawakumbuki kuombwa idhini yoyote. Hata ukiwaamini wote wawili, bado unabaki na kisakinishi ambacho mtu mzima anayejua kusoma anaweza kukipita na kutoka na kitu asichokitaka.

Kuna ushauri unaozunguka wa kurudi kwenye toleo la 2.2.1, la kabla ya matangazo. Usiufuate. Mwanzoni mwa 2018 Tavis Ormandy, mtafiti wa usalama wa Google, alionyesha matundu kwenye µTorrent yaliyoweza kutumiwa na tovuti yoyote unayoitembelea. (Transmission nayo alikuwa ameikuta na tundu la aina hiyo wiki chache kabla, likazibwa.) Toleo lililoachwa zamani halizibwi na mtu. Unakimbia nzi unaingia kwa nyuki.

Mahali pa kupakua kunazidi jina la programu

Mimi mwenyewe niliwahi kuchagua programu safi kabisa nikaipakua mahali pachafu. Niliandika jina lake kwenye injini ya kutafuta, nikabofya jibu la juu, ambalo lilikuwa tangazo la kulipiwa, na tovuti niliyofikia ikanipa kisakinishi chake badala ya kile cha wenyewe. Programu niliyoitaka ilikuja kweli. Ilikuja pia na upau wa kivinjari, kifaa cha "kusafisha" kompyuta kilichodai nina makosa mamia, na ukurasa mpya wa mwanzo. Jioni nzima nilikuwa nikichomoa kupe.

Hata maghala yenye heshima hayakuwa salama. SourceForge, ambako miradi mingi huria ilikuwa ikihifadhi faili zake, ilianza 2013 mpango wa kuambatanisha matoleo ya kibiashara kwenye visakinishi, na 2015 ikalaumiwa vikali kwa kufanya hivyo kwa GIMP, programu ya kuhariri picha, ya Windows. Wamiliki wapya waliuondoa mpango huo 2016.

Basi fanya hivi. qBittorrent iko qbittorrent.org, Transmission iko transmissionbt.com, Deluge iko deluge-torrent.org. Andika anwani mwenyewe, usipitie tangazo la juu. Kwenye Linux chukua kutoka ghala la mfumo wako na umemaliza. Kwenye Windows, ukiwa na winget, kifaa cha Microsoft cha kusakinisha programu kwa amri za maandishi, inakusaidia kukwepa kurasa za vitufe kabisa, kwa sababu inalinganisha yenyewe heshi ya kisakinishi na ile iliyosajiliwa.

Heshi ni nini? Ni kama alama ya kidole cha faili. Ikibadilika herufi moja ndani ya faili, heshi yote inabadilika. Tovuti rasmi ikichapisha SHA-256 (aina moja ya heshi) ya kisakinishi, kwenye Windows fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike Get-FileHash kisha jina la faili. Kwenye Linux ni sha256sum, kwenye Mac ni shasum -a 256. Linganisha herufi kwa herufi. Lakini kumbuka kisa cha KeRanger: aliyeweza kubadilisha kisakinishi kwenye tovuti anaweza pia kubadilisha heshi iliyoandikwa pembeni yake. Ndiyo maana saini ya PGP, saini ya kidijitali inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri wa msanidi, ni bora zaidi, kwa kuwa ufunguo wa kusaini haukai kwenye seva hiyo.

Wakati wa kusakinisha, ukiona neno la kukuhimiza njia ya "haraka" au "inayopendekezwa", chagua ile nyingine usome kila ukurasa. Programu nne za mwanzo hapa zikikuonyesha ofa ya antivairasi au kivinjari, hicho ulichopakua ni feki. Kifute, uanze upya.

Programu safi haisafishi unachopakua nayo. BitTorrent hukagua heshi ya kila kipande, kwa hiyo unapata kile kilekile torenti ilichoahidi. Kama kilichoahidiwa ni kirusi, utaletewa kirusi kizima bila kipande kupotea. Video haina sababu ya kuishia na .exe, kiishio cha programu za Windows. Windows huficha viishio hivyo, kaviwashe vionekane. Na anwani yako ya IP huonekana na kila unayegawana naye, kwa programu yoyote kati ya hizi.

Kwa simu, na kwa wanaotaka tu kutuma faili

Kwenye Android ninayoitumia ni LibreTorrent kutoka F-Droid, duka la programu huria, msimbo wazi. Iwekee sharti la kufanya kazi ukiwa kwenye WiFi tu, la sivyo bando litaisha ukiwa umelala.

Wengine hawahitaji torenti kabisa. Wanataka kuhamisha picha kutoka simu kwenda kompyuta, na huko ndiko programu zenye matangazo ya kufunika skrini zimejazana. LocalSend inatuma kati ya vifaa vilivyo kwenye mtandao mmoja bila akaunti wala tangazo. Syncthing, iliyoanza 2013, inaweka folda zilezile kwenye vifaa vyako vyote na husimba data njiani. Zote mbili ni huria.

Na kama tayari una µTorrent yenye torenti zilizofika nusu, huna haja ya kuanza upya. Zima ya zamani, sakinisha qBittorrent, ongeza faili ileile ya torenti na uielekeze kwenye folda ileile, kisha iamuru ikague upya. Itapitia kila kipande, itambue ulivyo navyo, na iendelee kutoka hapo. Ikifika asilimia mia, ondoa ile ya zamani, halafu pita kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa uangalie nani mwingine aliingia siku ileile iliyoingia yeye.